Mkakati wa Mafuriko

Siku ile Mkakati alikuwa amesimama upande wa barabara wenye kivuli, anatafuna karanga na kutafuta mtu wa kumsaidia. Kusaidia ni neno lake mwenyewe, na kwa kweli alikuwa amesaidia wengi. Alimsaidia muuza vitanda mpaka duka likapata mwenyewe mwingine. Alimsaidia mwalimu mstaafu kumaliza kiinua mgongo chake kwa muda mfupi ajabu. Alimsaidia pia kinyozi mmoja wa upande wa pili wa mji kuachana na viti vyake vitatu vya kuzunguka. Wote hao aliwaahidi umaarufu mtandaoni, na wote walimtafuta baadaye kwa bidii bila kumwona.

Siri yake ilikuwa uso. Mungu alimjalia uso usiokaa kichwani mwa mtu: macho kama ya wengine, pua ya wastani, kidevu kisicho na habari yoyote. Ukikutana naye leo, kesho utampita njiani, na keshokutwa utajitambulisha kwake upya. Polisi walipowauliza wale waliosaidiwa kwamba huyo bwana anafananaje, walikuna vichwa, wakasema ni mtu tu, ana kimo cha watu. Basi uso huo ndio uliokuwa mtaji wake, na aliutunza kama wengine wanavyotunza gari. Hakupiga picha wala kupigwa. Kwenye harusi alijitolea kushika simu awapige wengine. Mtu aliyewauzia watu kuonekana, mwenyewe hakuwa ameonekana tangu picha ya darasa la saba.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la miwani. Kupitia kioo cha mbele alimwona mama wa miaka hamsini na mitano hivi, mnene wa heshima, anaongea na simu iliyoegemezwa kwenye rundo la vikasha vya miwani. Alitabasamu, akapunga mkono, akaitazama simu, akashusha pumzi na mabega yake yote mawili. Kisha akaanza tena tangu mwanzo. Alipomaliza mara ya tatu, aligeuka akalitazama duka jipya la jirani, ambako vijana walipanga foleni mpaka mlangoni.

Mkakati aliyatambua macho hayo. Ni macho ya mtu ambaye hana njaa ila kaona sahani ya mwenzake. Alikung'uta maganda ya karanga, akatoa mfukoni miwani yake ya fremu nyeusi, ile aliyoivaa akitaka kuonekana amesoma, akavuka.

"Shikamoo, mama. Watazamaji wangapi leo?"

"Marahaba. Kumi na mmoja," alisema yule mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miwani. "Tisa ni ndugu zangu."

"Na hao wawili?"

"Mmoja ni mimi, kwenye simu nyingine. Wa pili sijamjua bado."

Mkakati alitikisa kichwa kwa huzuni ya daktari aliyeona picha ya mapafu. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akaanza somo. Alimweleza kwamba mtandao wa siku hizi hauna nafasi ya wapole. Zamani mtu alitoa video moja kwa wiki na kusubiri. Huyo sasa ni marehemu asiyejua kwamba kafa. Dawa ilikuwa moja, nayo ni Mkakati wa Mafuriko, alioubuni yeye baada ya utafiti wa miaka mingi. Unachukua video moja, unaikatakata vipande ishirini, unavimwaga kila mahali kwa wakati mmoja, kila saa, bila huruma. Mtu akikukimbia huku, akukute kule. Akifunga simu, akukute kwenye simu ya mkewe. Sekunde tatu za kwanza zimshike shingo. Umchokoze kwa swali. Urekodi kila kitu, hasa yale ya nyuma ya pazia, maana watu wanapenda kuchungulia. Na ukishatoa kitu usikifute kamwe, kwa sababu ukifuta watadhani umeogopa.

Mama Miwani aliandika yote hayo kwenye daftari lake la vipimo vya macho, kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye huruma aliuliza kama aandike bila huruma au bila huruma hata kidogo. Mkakati alisema hata kidogo.

"Na wewe mwenyewe, mwanangu, nikikutafuta huko mtandaoni nakukuta kwa jina gani?"

"Mimi hunikuti. Mimi ni mtu wa nyuma ya pazia. Mganga hajigangi, mama."

Jibu hilo alikuwa amelitoa mara nyingi na halijawahi kumtupa. Mama Miwani alicheka, akakubali, kisha akaegemea kauntani na kumtazama kwa jicho la kazi.

"Miwani yako imelala upande. Lete niinyooshe, ni bure."

Aliivua kwa vidole vyake vinene, akaiinua kwenye mwanga, akaifuta, akapinda mkono mmoja wa fremu kidogo, akamrudishia usoni na kuangalia masikio yake kulia na kushoto. Akasema lenzi ni nyepesi sana hizi, lazima ni za kisasa. Mkakati alisema ni za kisasa kabisa. Siku hiyohiyo walielewana malipo: nusu pale pale, nusu wafuasi wakifika elfu kumi.

Elfu kumi hao Mkakati alikuwa nao nyumbani. Katika chumba chake cha kupanga, ukuta mmoja wote ulikuwa rafu ya mbao yenye simu themanini, nyingi zimepasuka vioo, zote zimechomekwa umeme, na ndani ya kila moja wanaishi watu mia na ushee wasiokuwepo. Alikuwapo mjane mfamasia, mwanajeshi mstaafu, binti mpenda paka, na wachungaji kama kumi na wawili hivi. Aliwapangilia mara moja tu. Tangu hapo, kila kitakachotoka kwa Mama Miwani wangekipenda, wangekisambaza na kuandika maneno mawili matatu ya kutia moyo, wenyewe bila kuguswa, mchana kutwa. Mkakati alikuwa akiwatazama wakifanya kazi huku amejinyoosha kitandani, na aliwapenda kidogo, maana hawakuwahi kumwomba chochote.

Siku ya tatu mama yake mzazi alimpigia. Aliishi mji mwingine, mbali, na alijua kwamba mwanawe ni meneja katika kampuni ya mawasiliano. Hakuomba makubwa. Alitaka kujua tu kama ile miwani aliyoahidiwa tangu mwaka juzi iko njiani, kwa sababu sasa hata kutia uzi kwenye sindano anaomba jirani.

Mkakati, kama ilivyo kwa matapeli wengi, alimpenda mama yake kweli. Jioni hiyo alipopita dukani aliomba miwani moja kama nyongeza ya mkataba. Mama Miwani aliuliza umri, akauliza mgonjwa wake hushika sindano mbali kiasi gani, akatoa miwani ya kusomea yenye fremu ya kahawia, namba tatu. Alikataa katakata kulipwa, akasema mama wa mtu hafanyiwi biashara. Mkakati aliituma kwa basi kesho yake asubuhi. Ilikuwa ahadi pekee aliyoitimiza mwaka ule, na alitembea siku nzima akijisikia mwema.

Siku ya sita wafuasi walifika elfu kumi na mia mbili. Mkakati aliingia dukani kuchukua nusu yake, amejiandaa kwa vigelegele. Mama Miwani alikuwa amekaa, daftari mbele yake.

"Mwanangu, watu elfu kumi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Hakuna hata mmoja ambaye macho yanamsumbua."

"Hao wanapashwa moto kwanza, mama."

"Mimi si mtoto. Hawa watu hawapo."

Mkakati alipima umbali wa kutoka kitini mpaka mlangoni. Lakini Mama Miwani hakupandisha sauti, aliishusha. Alisema wafanyabiashara wa mtaa huu, thelathini kasoro wawili, wameona namba zake na hawalali. Muuza mazulia kamnunia. Mwenye duka la jirani, yule wa foleni, kaja mwenyewe kuuliza siri. Wote wanataka Mafuriko, wote wana pesa, na wote wanamwamini yeye kwa sababu amewapima macho miaka ishirini. Angeweza kuwakusanya Jumamosi saa tano asubuhi, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la mikate.

"Nikikuletea hao," aliuliza, "mimi napata nini?"

Moyo wa Mkakati ulifunguka. Aliogopa watu waaminifu, maana hujui watafanya nini, ila mbele ya mlafi alijisikia yuko kwa shangazi yake. Walikubaliana theluthi. Alichotaka Mama Miwani ni kufundishwa kwa kina, apate kuwaeleza wenzake kwa ufasaha, na ajizoeze mbele ya simu kwa sababu ulimi wake ni mzito. Mkakati hakuona ubaya. Kwa tahadhari yake ya siku zote alihakikisha simu inamtazama mama peke yake, na yeye anakaa nyuma ya simu, upande wa pili wa kaunta. Akasogeza kiti mara mbili ili awe na hakika.

Kwa mchana wa siku tatu alifundisha. Alifundisha kama hajawahi kufundisha, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa fundi bila mwanafunzi, na fundi asiyesifiwa huwashwa mdomo. Mama Miwani alikuwa msikilizaji mzuri mno. Alisema ehe. Alisema usiniambie. Aliuliza simu themanini zinakaaje chumba kimoja, akaelezwa mpaka aina ya waya. Aliuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili akubali kulipia wafuasi hewa, na Mkakati akaegemea nyuma, akapachika vidole tumboni.

"Mama, watu hawanunui umaarufu. Wananunua wivu wa jirani. Mimi nawauzia wivu."

"Na hawa wetu wa Jumamosi?"

"Jumamosi tunawakamua. Jumapili nani atanikumbuka?"

Wakacheka pamoja, yeye akifuta machozi chini ya miwani yake ya kisasa.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mkakati alikuwa chumbani anapanga sanduku. Tiketi ya basi la saa nane ilikuwa mfukoni. Alipanga kufika ukumbini, kuhutubia, kukusanya malipo ya awali, kwenda chooni na kutorudi. Theluthi ya Mama Miwani ilikuwa imekwisha sahaulika. Alikuwa anakunja shati la pili pale rafu ilipoanza kutetema.

Simu zote themanini ziliwaka kwa mkupuo mmoja. Alidhani Mama Miwani ametoa tangazo la miwani ya jua. Akasogea, shati mkononi, akaona vioo themanini vilivyopasuka vina mtu mmoja, na mtu huyo ana macho kama ya wengine, pua ya wastani na kidevu kisicho na habari.

Duka la miwani lina vioo vya kujitazamia. Hili mtoto yeyote angemwambia. Kulikuwa na kimoja cha duara juu ya kaunta, kimoja kirefu ukutani, na kingine cha kuzungusha kwa ajili ya wateja wanaotaka kujiona ubavu. Siku tatu nzima Mkakati alikaa nyuma ya simu kwa uangalifu mkubwa, na siku tatu nzima vile vioo vilivyokuwa nyuma ya bega la Mama Miwani vilimchukua yeye, mbele, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Miaka kumi na mitano ya kukwepa kamera ilikwenda na maji kwa sababu hakufikiria kukwepa kioo.

Kipande cha kwanza kilianza na uso wake katika kile cha duara. Jumamosi tunawakamua, alisema, na sekunde tatu zikaisha. Kisha yakatokea maandishi makubwa: UNAMJUA HUYU? Cha pili kilieleza simu themanini. Cha tatu kilikuwa cha wivu wa jirani. Vilikuwa ishirini, vimekatwa vizuri, na vilimwagwa kila mahali kwa wakati mmoja. Wafuasi wake nao hawakumwangusha. Mwanajeshi mstaafu alisambaza. Binti mpenda paka alisambaza. Wachungaji wote kumi na wawili walisambaza, na mjane mfamasia akaandika chini yake kwamba amebarikiwa sana, endelea hivyohivyo.

Mkakati aling'oa waya wa ukutani. Simu hazikuzima, zilikuwa na chaji. Akaanza kuzizima moja moja, na alipofika ya kumi na saba aligundua kwamba haina faida tena, kwa sababu chini ya video walikuwa wamekwisha kuingia watu ambao hakuwaumba yeye. Waliandika vibaya, kwa hasira, na majina ya mitaa yao. Mmoja alisema huyu ndiye aliyemmaliza baba yangu, mwalimu.

Akampigia Mama Miwani, ambaye alipokea mara moja.

"Futa, mama. Nakuomba. Nitarudisha kila kitu."

"Ulinifundisha nisifute. Nimeandika hapa."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Mdogo wangu ni kinyozi," alisema Mama Miwani, taratibu, kama anamsomea mgonjwa herufi za ukutani. "Alikunyoa kichwa wiki ileile uliyomnyoa yeye viti. Uso wako ulimtoka, kama ulivyowatoka wengine. Ila kinyozi hasahau sikio. Aliniambia dada, la kushoto liko juu kuliko la kulia, upana wa kidole. Siku uliyoingia kwangu na vioo vya dirisha usoni, nilitaka tu kujua kwa nini mtu mzima avae miwani isiyo na kazi. Nikainyoosha. Nikaona sikio."

Mkakati alisema neno moja kuhusu theluthi. Mama Miwani alisema ana wateja, foleni imefika mlangoni, wote wameona video na wote wanauliza bei. Akakata.

Sasa hapa ndipo Mkakati alipopata kile alichowaahidi watu wengi kwa miaka mingi. Alitoka na sanduku lake, ameivua miwani, na hatua ya kumi tu muuza vocha aliinua macho kutoka kwenye simu, akamtazama, akarudi kwenye simu, akamtazama tena. Mfagia barabara aliegemea fagio. Wasichana wawili waliomba kupiga naye picha, na kabla hajajibu walikwisha piga. Alivuka upande wa pili, akakutana na fundi viatu anamwita kwa jina la Bwana Jumapili na kumwuliza kwa adabu kama leo anakamua wapi. Aliinua kola kufunika masikio. Hilo ndilo lililowapa uhakika hata waliokuwa na mashaka.

Kituo cha basi kilikuwa mbali na watu walikuwa wengi. Hakuna aliyemshika wala aliyemkimbiza. Walimtazama tu, wote, kila alikopita, na kwa mtu aliyeishi kwa kutotazamwa hilo lilitosha. Mwishowe alikaa kwenye ngazi za duka la mikate, zilezile za kupandia ukumbini, sanduku mapajani. Kwa mbali aliwaona wakija: kinyozi ana taulo lake begani, muuza vitanda, yule mwalimu mstaafu mwenye kalamu mfukoni, na askari mmoja. Walitembea polepole, wanaongea. Hawakuwa na haraka na mtu anayejulikana na mji mzima.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule, "nilitaka kukushukuru kwa miwani. Imenikaa vizuri sana. Nasoma mpaka maandishi ya kwenye chupa ya dawa."

"Sawa, mama. Nitakupigia baadaye."

"Ngoja. Jirani kaniletea simu yake asubuhi hii. Kaniambia tazama huyu, anafanana na wako. Nikamwambia wangu ni meneja, na uso huo ni wa kila mtu. Nikakataa kabisa, tukataka kugombana. Kisha nikavaa miwani. Sikio hilo nimelizaa mimi."

Kinyozi alikuwa amefika chini ya ngazi na alisimama kungoja, kwa sababu aliona mtu anaongea na mzazi wake. Mkakati, ambaye hajawahi kukosa jibu, alitafuta kichwani mwake kote. Alitafuta kwenye sekunde tatu za kwanza, akatafuta nyuma ya pazia, na neno lililobaki lilikuwa moja tu, la utotoni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama yake hakuitikia.